Ngata Haikuanguka, Mamdogo

Mpendwa Mamdogo,

Shikamoo. Najua leo hutaitika marahaba, lakini nikianza bila salamu ungenirudisha mlangoni niingie upya, kama ulivyozoea.

Nakuandikia nikiwa na vumbi miguuni na furaha isiyo na adabu. Leo nimeruka tena samasoti ya nyuma. Tangu tukuzike kule kwako mlimani, Towelo, mwaka wa pili huu, sikuwa nimeruka hata moja. Nafundisha watoto sarakasi, napiga filimbi, nikiombwa kuonyesha nasema goti linauma. Goti zima kabisa, Mamdogo.

Unakumbuka nilivyoanza? Watoto wa Mafiga tulijifunzia nyuma ya mashine ya mpunga. Unasimama juu ya tairi lililofukiwa nusu, unaligeuzia mgongo lundo la pumba, tairi linakurusha, pumba zinakupokea. Pumba hazina ubaya na mtu. Uangukie kichwa, uangukie makalio, unainuka unashangiliwa. Kwa hiyo mwalimu wetu wa sarakasi alipotuhamishia kwenye ardhi tupu, niliumbuka. Kila nikiruka natua kwa magoti na viganja. Akasema asiyetua kwa miguu kufikia Jumamosi haruki kwenye onyesho la Mazimbu, atapiga ngoma. Na mimi nilishatangazia mtaa mzima.

Jumatatu ile ulishuka na tenga la kabichi kichwani, ukauza zote kabla jua halijakolea, ukaja kwetu kupumzisha miguu kabla ya kupanda tena mlima. Uliniangalia nikianguka mara tatu. Ya nne ukacheka mpaka chai ikamwagika.

"Huko nyuma kuna nani anakuita?"

Nikanuna. Nikakujibu kwamba samasoti ni ya nyuma, nisipoangalia nyuma nitapindukaje?

"Samasoti mie siijui," ulisema. "Ila kichwa chako kinaondoka kabla ya miguu. Mie nikifanya hivyo kwenye mteremko, kabichi zinafika chini Msamvu zikiniacha mlimani."

Ukachukua ngata yako ya kuwekea tenga kichwani, ile ya kipande cha kanga ya kijani, ukaniwekea utosini. Amri ikawa niruke juu tu, mikono juu, macho kwenye mpapai wa uani, nisipinduke. Niliporuka ngata ikaanguka nyuma yangu. Nikarudia, ikaanguka. Hapo ndipo nilipoliona kosa langu kwa macho yangu: nilikuwa natupa kichwa nyuma miguu ikiwa bado chini, kifua kinafunguka, sipati kimo, na miguu inakosa nafasi ya kuzunguka. Tairi lilikuwa linanifichia kosa hilo siku zote.

Ukaniachia ngata, ukaondoka na tenga tupu mkononi. Getini ukageuka.

"Ukifika, ukatua mzigo, ndipo uangalie nyuma utakavyo."

Niliruka siku tatu nzima mbele ya mpapai ule. Majirani walidhani nimerogwa. Alhamisi ngata ikakaa. Ijumaa nikaivua, nikaongeza magoti: kwanza napaa, kisha nayavuta kifuani, na kichwa kikafuata chenyewe bila kutumwa.

Jumamosi kule Mazimbu ulipiga vigelegele kabla hata sijaruka. Ukumbi mzima uligeuka kukuangalia, na kanga yako ya sokoni na tenga pembeni. Ni mimi peke yangu sikugeuka. Nilitua kwa miguu yote miwili, na jioni ile kila uliyekutana naye ulimwambia, "Yule nimemfundisha mie." Ilikuwa kweli, ingawa mwalimu alinuna kidogo.

Nikuambie sasa kwa nini niliacha. Niliogopa kuruka halafu nisikusikie. Basi.

Leo kuna mwanafunzi wangu, Neema, ametua kwa magoti mara ya tano, akalia, akasema haji tena. Nikaenda ndani kuchukua ngata. Imepauka, lakini imekaza vilevile. Nikamwekea utosini, akaruka, ikaanguka nyuma. Akaiokota, akanitazama.

"Mwalimu, kwani wewe mwenyewe unaweza?"

Mtoto haoni haya kuuliza. Nikaanza na hadithi ya goti, nikaona aibu katikati ya sentensi. Nikaiweka ngata kichwani, nikaruka juu mara moja, mara mbili. Haikuanguka. Nikampa Neema aishike.

Uwanja ulikuwa kimya, ukimya uleule niliouogopa. Nikatazama mbele, kwenye milima yako, nikapaa.

Ngata atakaa nayo Neema mpaka Alhamisi. Kesho anakuja, ameniahidi. Wewe pumzika, mama yangu. Nilitua kwa miguu yote miwili, na ndipo nikageuka nyuma kukutafuta.

Mwanao,
uliyemwachia ngata