E ni Enda, F ni Funga

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo kidogo cha polisi, Mkiwa, Wilaya ya Ikungi
Tarehe 16/03/2024, saa 3:20 asubuhi
Jina: Kefa Michael Njiku. Umri: miaka 39. Kabila: Mnyaturu. Dini: Mkristo. Kazi: fundi pikipiki. Makazi: mashambani, kilomita kumi na nne kutoka Mkiwa.

Mimi ndiye mtajwa hapo juu, nina akili timamu na sijalazimishwa na mtu. Joshua aliyeko mahabusu namfahamu, na simpendi. Naomba hilo liandikwe mwanzo, asije mtu akadhani nimekuja hapa kwa sababu tumepatana.

Joshua ana miaka 24, anaendesha bodaboda ya mama Theodora mwenye duka la pembejeo. Mwezi Januari mama huyo aliniletea pikipiki hiyo nifunge geji ya mafuta, maana ile ya kiwandani ilikufa. Nilifunga ya dukani, pale kwenye usukani. Geji ilikuwa ya aina moja, na boya, kile kinachoelea juu ya mafuta ndani ya tangi, la aina nyingine. Havikuelewana, mshale ukawa unasoma kinyume. Kawaida E ni tangi tupu na F ni tangi limejaa. Hii ikijaa ilionyesha E, ikiisha ilionyesha F. Boya lenyewe lilikuwa halipatikani, hivyo nikamwambia Joshua akariri: E ni enda, F ni funga safari.

Alikariri kweli. Akaipeleka kijiweni, akawa anawaimbia wenzake, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi mwenye miaka kumi na sita katika ufundi nikaitwa Enda-Funga. Nilipomkanya akaacha hata kuniamkia. Anapita mbele ya gereji yangu kifua mbele, shikamoo hakuna, utadhani tulicheza naye gololi. Hana adabu, na siyafuti maneno hayo.

Mnamo tarehe 13/03/2024 saa 10 jioni mama Theodora aliileta mwenyewe pikipiki nibadilishe cheni. Mafuta yalikuwa chini kabisa. Boya sahihi nilikuwa nimeshalipata Singida mjini, nikalifunga bila kuagizwa, ili ule wimbo wao uishe. Geji ikawa inasoma sawasawa.

Tarehe 14/03/2024 saa 2:40 asubuhi Joshua alikuja kuichukua. Alisimama mlangoni, hakuniamkia. Akasema tu, "Funguo." Nikampa. Nikasema moyoni, asiyejua kuamkia, mimi naye sina la kumwambia. Mshale ulikuwa umelala kwenye E. Aliutazama, akawasha, akaondoka. Koki ya akiba, ile ya kufungulia mafuta ya mwisho tangini, huwa anaiacha wazi siku zote, anategemea geji.

Saa 3 hivi mke wangu Evodia alishikwa na uchungu kule nyumbani. Jirani yetu Martha alinipigia, nikawa nakata chuma kwa mashine, sikusikia. Akampigia Joshua. Joshua alikwenda. Alijua ni mke wangu, akaenda.

Kwenda mafuta yalitosha. Wakati wa kurudi pikipiki ilizima kwenye njia ya mashambani, kilomita tatu kabla ya kufika barabarani, mahali ambapo gari halipiti. Walikuwa wawili tu, kwa sababu Martha alikuwa anafuata kwa miguu. Joshua alimlaza Evodia kwenye kivuli, akatandika koti lake, akakimbia kutafuta petroli. Alirudi baada ya dakika hamsini na petroli kwenye chupa ya maji. Mtoto alikuwa ameshazaliwa. Alikuwa wa kiume. Hakulia.

Nilipata habari saa 6 mchana. Mimi ndiye niliyemkamata Joshua ukosi na kumleta hapa, nikisema kwamba alimwacha mke wangu porini kwa makusudi, kwa ajili ya ugomvi wetu. Watu wengi walinisikia. Nilimpiga makofi mawili. Hakurudisha. Alisema, "Fundi, geji ilisema enda." Watu wakaona ananidhihaki hata siku hiyo, wakampiga na wao. Mimi nilielewa palepale. Nikanyamaza.

Nimenyamaza siku mbili. Jana Evodia aliniuliza, "Joshua alikutendea nini hasa?" Asubuhi hii nimekuja hapa.

Joshua simpendi hadi saa hii ninapoongea. Lakini mshale aliusoma kama nilivyomfundisha. Niliyoyafanya ndiyo hayo, na sina la kuongeza.

Sahihi ya shahidi: K. M. Njiku

Maelezo ya mwandishi: Mimi Koplo Leonard nimemsomea shahidi maelezo haya kwa sauti, amekubali kuwa ni sahihi isipokuwa sehemu moja. Baada ya maneno "Nikampa" nilikuwa nimeandika "nikasahau kumwambia". Ameomba niyakate, niandike hayo ya moyoni yanayofuata. Amesema hakusahau.