Magitaa Mawili ya Rangi Moja

Baba yangu mpendwa,

Leo sikuandika kitu katika shajara yangu. Unajua tabia yangu: naweka tarehe, naandika mvua kama imenyesha, wateja waliokuja dukani kutafuta mbegu na dawa za mimea, halafu nafunga. Lakini leo kila sentensi niliyoianza ilikuwa inakuelekea wewe, nikaona ni heri nikuandikie mwenyewe. Nimenunua gitaa, Baba. La umeme. Na kidogo tu nichague vibaya.

Vijana wa sasa ukiwaambia hawakuamini kwamba mpiga gitaa wa bendi ya shamba la mkonge hakuwa na gitaa. Vyombo vilikuwa vya mwenye bendi. Pale Mazinde, dansi likiisha, ulilifuta gitaa kwa kitambaa, ukalipeleka stoo, kufuli likafungwa, ukarudi nyumbani mikono mitupu. Mimi ni binti wa mpiga rithimu, lile gitaa la kusindikiza wimbo, lakini katika nyumba yetu halikuwahi kuingia gitaa hata moja.

Ndiyo maana ulinifundishia kwenye mkono wako. Ulikaa kwenye kigoda nje ya mlango, ukaunyoosha mkono mbele yangu uwe shingo ya gitaa, ngumi ikawa kichwa chake. Ukavipanga vidole vyangu kimoja kimoja juu ya mishipa yako. "Bonyeza. Unanipapasa wewe! Bonyeza!" Nikipatia, uliimba ile sauti kwa mdomo. Nikikosea, ulilia kama mbuzi anayevutwa kamba, tukacheka mpaka mama akauliza kutoka jikoni, "Huyo mnayemchinja huko ni nani?"

Na kila mara uliniambia nisiache nyuzi zivume. "Zizime kwanza kwa kiganja, ndipo upige nyingine." Nilikuwa nazima mkono wako, Baba, na wewe unanyamaza kweli, umefumba macho, mpaka nipige tena.

Siku mwenye bendi alipouza vyombo, mimi nilikuwa nimerudi likizo kutoka sekondari. Lori lilisimama mbele ya ukumbi. Ulilichukua gitaa, ukakaza nyuzi zote, ukazijaribu moja moja kwa kuinamisha sikio, ndipo ukamkabidhi yule mtu aliyekuwa juu ya lori. Nikakuuliza unakaza za nini na linaondoka. Ukasema, "Atakayelishika asilikute limelegea." Na hukushika gitaa tena mpaka tulipokuzika.

Mwaka huu ufuta wa shamba letu la Sindeni ulikubali. Nikasema sasa. Kuna kijana Korogwe anauza spika na vyombo vya muziki, nikamwagiza aniletee gitaa. Alipoleta alileta mawili, nichague. Yametoka kampuni moja, umbo moja, wekundu mmoja. Ukiyatundika ukutani, huyatofautishi. Ila moja ni la bei nafuu, na jingine bei yake ilinifanya nitafute kiti.

Nilikuwa nimeshajiandaa, kwa kawaida yangu. Katika shajara nilikuwa nimepima faida na hasara, nikaamua nichukue la bei nafuu. Umri wangu huu, najifunza tu, bati za jiko zinavuja. Sababu zote zilikuwa nzuri. Nimezisoma tena leo, bado ni nzuri.

"Shikamoo, mama," yule kijana akasema. "Unamchukulia mtoto?"

"Marahaba. Najichukulia mwenyewe."

Akaitazama kanga yangu, akalitazama gitaa. "Aisee! Basi mama yangu, chukua hili la bei poa. La kujifunzia hili. Ukichoka nalo unaligawa, wala roho haiumi."

Nikacheka naye. Halafu kicheko kikaniishia, kwa sababu aliyoyasema ndiyo niliyokuwa nimeyaandika mimi, kwa maneno nadhifu zaidi tu.

Nikamwomba niyajaribu. Lile la bei nafuu lilipiga, Baba, sitalisingizia. Lakini nikikaza mkono kidogo, funguo za nyuzi zinateleza na sauti inashuka. Vyuma vya shingoni vina kingo zinazokwaruza kidole. Na nilipozizima nyuzi kwa kiganja, spika iliendelea kuvuma, zzzz, kama nzi aliyenaswa chupani. Lile jingine shingo yake ilikaa mkononi kama mpini uliozoeleka. Nikalipiga kwa nguvu, halikuyumba. Nikazizima nyuzi, likanyamaza. Likanyamaza kabisa, nikasikia muuza maji akipita nje.

Nilibaki nimelipakata, siwezi kuamua. Nikampigia mama simu. Siku hizi anakaa na mimi hapa Handeni.

"Mama, nipo dukani Korogwe, nimeshika gitaa."

"La nani?"

"Nataka kulinunua."

"Nimesikia. La nani?"

"Langu, mama."

"Mwenyewe hatakuja kulidai?"

"Mwenyewe ni mimi."

"Haya," akasema. "Basi usiniletee linalonguruma kama mashine ya kusaga. Hiyo tunayo hapa jirani."

Nilikata simu nikiwa nacheka. Mama hajui kwamba gitaa linaweza kuja nyumbani likakaa. Na wewe ulijifunza kulipenda gitaa ukiwa umejiandaa kulirudisha. Usiku wote wa dansi lilikuwa lako, asubuhi ukawa huna. Ulifanya hivyo vizuri, bila kinyongo, hata siku ya lori. Sikujua kama na mimi nimeirithi hali hiyo. Katika hesabu zangu zote nilikuwa natafuta gitaa ambalo siku nikishindwa nitaliacha bila kuumia. Nilikuwa nimeshaanza kuliaga kabla sijalinunua.

Nikamwambia kijana anifungie lile la bei kubwa.

"Lile, mama? Kweli?"

"Lile."

"Kumbe umekuja kimya kimya, msanii mzima!"

Msanii gani, Baba. Nilihesabu noti mara mbili wakati wa kulipa. Bati za jiko zitasubiri ufuta mwingine.

Nimefika nyumbani alasiri, nikaliunganisha na spika ndogo sebuleni. Mama alikuwa chini mkekani anachambua choroko. Nikapiga ile rithimu yako, polepole, nikikosea nikirudia. Nikashangaa hakunitania. Nilipoinua macho, nikaona ameacha kuchambua, ungo upo magotini, ananisikiliza.

"Hicho ndicho alichokuwa anapiga?"

"Ndiyo, mama."

Ndipo akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Hakuwahi kuingia ukumbini. Sisi tulikuwa wadogo, yeye alibaki nyumbani kutulaza, na kilichofika mpaka kwenye nyumba za kambi ni ngoma na tarumbeta. Gitaa lako halikufika. Kila dansi alikaa macho akitega sikio kukutafuta, na wewe ulipomuuliza asubuhi kama umepiga vizuri, alikujibu umepiga vizuri sana.

"Sikumsikia hata siku moja," akasema. "Nilimdanganya, maskini. Nilijua nikimwambia atasononeka." Akajifuta kwa ncha ya kanga, akausogeza ungo pembeni. "Rudia pale mwanzo. Na usiharakishe."

Nakuacha hapa, Baba. Nimerudia mara nyingi, vidole vinawaka moto, na bado ananiita. Lala salama. Kama ulikuwa hujui, jua sasa: umesikika.

Ni mimi, binti yako,
mpiga rithimu wa pili.