Masikio ya Mama Hayana Kosa

Dada mpendwa Chepkirui,

Najua huko Australia bado unawaambia watu kwamba ulimzika Baba kwa simu na hukukosa kitu. Uliniambia hivyo mwenyewe, ukanishukuru, nami nikajibu, "Karibu." Barua hii naiacha wazi, waisome hata waliokuwa kwenye tenti siku ya mazishi, kwa sababu wote wanajua jambo hili isipokuwa wewe na Mama.

Unakumbuka Jumapili za redio? Baba akitaka kusikiliza mpira, wewe ulipanda juu ya lile jiwe la kuanikia vyombo ukashika waya wa antena, mimi nikikucheka. Sauti ikipotea alikuita jina lako lote. Hukushuka mpaka mchezo uishe. Uliniambia mkono ulikufa ganzi, lakini ulipenda uso wake akisikia goli.

Nadhani ndiyo maana niliahidi haraka hivyo. Kamati ya mazishi ilipouliza kama utaweza kumuaga Baba moja kwa moja kutoka huko, nilisimama nikasema, "Hiyo mniachie mimi. Nawahakikishia." Mwenye kampuni ya intaneti hapa Kiptere, eti. Nilikutengea nafasi yako kwenye mtandao wangu, kutoka nyumbani hadi mnara wa mwisho, hata wateja wa sokoni wasiiguse. Nikapima, nikapima tena. Nikakuomba hata uzime picha yetu ili isiibanie sauti yako.

Lakini sauti yako haipiti kwangu tu. Inapita mtandao wa kampuni jirani, kisha wa nyingine, na hao tunapitishiana data kukiwa na nafasi, basi. Hatukuwahi kupatana kwamba nilichotenga mimi na wao watakilinda. Ni kama kufyeka njia pana ya mtoni shambani mwako huku jirani amepanda chai hadi kwenye ua. Baba alizoea kunionya, "Usiahidi ng'ombe wa jirani." Nilidhani anaongea mambo ya ng'ombe.

Jumamosi ile njia ya jirani ilijaa. Ulisema "Baba", tukasikia vizuri. Halafu uso wako ukaganda, sauti ikawa vipande, kisha ikapotea kabisa. Wewe hukutuona, kwa kuwa picha yetu ilizimwa, ukaendelea kusoma maneno yako ya kumuaga. Watu waliinamisha vichwa, wakangoja kwa heshima mpaka simu ikakatika, wakasema amina. Mimi nikakutumia ujumbe: "Tumekusikia vizuri sana."

Mama alikuwa kiti cha mbele. Alinivuta mkono.

"Hii masikio yangu imeisha," akasema. "Sikusikia mtoto hata kidogo. Alisema nini?"

Hapo ndipo ningesema ukweli. Badala yake nilimwinamia nikamwambia ulimshukuru Baba kwa kukuachia usome, na kwamba unaona fahari kuitwa binti yake. Niliyatunga papo hapo, dada, kando ya jeneza. Akafuta macho akatabasamu. Tangu siku hiyo anawasimulia majirani maneno hayo kama yako, na kanisani hakai tena na wanakwaya wenzake, kwa vile anaogopa atawaharibia wimbo. Jana aliniomba nimpeleke hospitali ya Longisa akapimwe masikio. Nguo ya safari ameshaipiga pasi.

Naona aibu. Si ya intaneti kukatika, kwani hiyo hukatika hata kwa wakubwa. Naona aibu kwamba mama yetu alijilaumu mbele yangu nami nikanyamaza, ili watu wasiseme nimeshindwa na kazi yangu.

Kesho asubuhi hatutaenda Longisa. Nitamwambia kwamba masikio yake ni mazima, na kwamba maneno anayoyasimulia ni yangu, si yako.

Nawe nakuomba kitu kimoja. Usimsomee moja kwa moja tena. Jirekodi ukisoma, unitumie. Rekodi haina haraka. Ikikwama kwa jirani itangoja, na kipande kikipotea kitatumwa tena mpaka kifike chote. Mimi sitaisikiliza. Nitamwekea Mama simu mkononi, nitoke nje nifunge mlango, na awe yeye wa kwanza kusikia ulichomwambia mumewe. Nitakaa huko nje mpaka aniite, kama ataniita.

Baki salama, na usinisamehe upesi.

Mdogo wako, uliyemshukuru bure