Dawa ya Moyo na Mdomo Wako, Kaka

Makambako

Kaka Zakaria,

Salamu kutoka huku kwenye baridi. Mama anaendeleaje na magoti yake? Watoto wazima? Mimi ninapumua, namshukuru Mungu. Nimeshika kalamu kwa kuwa simu zangu hupokei.

Nilikwambia wewe peke yako kwamba dawa ya moyo niliyopewa imenivimbisha matiti. Wewe ndiye mkubwa wangu, ningemwambia nani? Kesho yake nikakuta umeandika kwenye grupu la ukoo: "Kwa dawa ya moyo, mdogo wetu sasa ni dada yetu." Wakwe zangu wamo humo, Kaka. Walicheka.

Nikaacha dawa. Nikaendelea kupasua mbao kana kwamba siumwi, mpaka miguu ikajaa maji na nikawa silali ila nimekaa. Mke wangu, yule Mbena unayesema hana maneno, alikodi gari akanipeleka hospitali Njombe. Njia nzima alinishikilia nisianguke.

Daktari, mama wa makamo, akauliza, "Kwa nini uliacha dawa?"

Mke wangu akajibu, "Kaka yake alimcheka."

Nilitamani sakafu inimeze.

Yule mama hakucheka. Alisema kuna homoni inayoamuru figo zibakize chumvi na maji mwilini. Dawa ile huizuia isipokelewe, moyo ukapata nafuu. Ila kwa wanaume wengine huvuruga pia homoni za kiume, kifua kikavimba. "Ungerudi tu, baba. Ipo nyingine ya jamii hiyo hiyo, haisumbui sana kifua." Amenibadilishia. Kwa kukaa bila dawa, figo zimeshaguswa; sasa napimwa damu mara kwa mara, na mbao nabeba nusu ya zile nilizozoea.

Nina hasira nawe, wala sitaifunika kwa heshima. Jana Mama Mdogo kanipigia analia. Baba Mdogo Yusto, mwenye ugonjwa wa moyo kama wangu, alisoma maneno yako, naye amezitupa dawa zake chooni. Anasema hataki kuwa kichekesho cha ukoo.

Usiniombe radhi mimi. Nenda kwake, useme mbele ya wanawe kwamba ulikosea, umpeleke hospitali wewe mwenyewe. Akikataa, kaa mlangoni pake mpaka akubali.

Msalimie Mama, na Shemeji aliyenitumia dua, na dada yetu mwalimu.

Ukimaliza kusoma, usikae. Nenda.

Ndugu yako,
Anselmo