Gari la Oddvar Linaliwa na Kutu

Jumatatu, 13 Februari

Gari limekataliwa! Gari la miaka minne tu! Fundi wa ukaguzi alilipandisha juu, akagusa chini ya mlango kwa bisibisi — ikazama. Ikazama kama kwenye mkate. Tuna mpaka mwisho wa Aprili. Lisipotengenezwa, tunanyang'anywa namba. Na kukata chuma chote kile kiungwe kipya, uwezo huo hatuna.

Mume wangu Oddvar alisimama na kofia mkononi kama yuko msibani. Aliuza boti yake kununua gari hili, baada ya kiharusi. Bila gari mimi sifiki kazini upande wa pili wa kisiwa, na yeye hafiki kwenye mazoezi ya mkono.

Lakini waranti ipo. Waranti ya kutu, miaka kumi na miwili! Tumaini langu lote liko hapo.

Alhamisi, 16 Februari

Nimempigia Kjetil, wakala aliyetuuzia. Siku ile ya kununua alichekacheka mpaka magego yakaonekana. Leo je? Eti waranti ni ya tundu lililoanzia ndani likatokea nje. La kwetu eti limeanzia nje. "Mama, mnaishi kisiwani. Chumvi kila mahali, kiwanda kifanye nini?"

Nikamuuliza, ulipotuuzia ulikuwa hujui tunaishi wapi? Si ulilileta mwenyewe na feri! Akasema nisimpandishie sauti. Nikapandisha.

Jumamosi, 18 Februari

Oddvar kaenda kuosha gari gatini, kama kila Jumamosi. Siku hizi ndiyo kazi yake pekee. Anafungulia mpira wanaooshea kreti za samaki, anapiga chini, pembeni, ndani ya matairi, huku anapiga soga na wavuvi. Anarudi mashavu mekundu, mtu kamili. "Ni chumvi ya barabarani, Gunnvor," ananiambia. "Usipoitoa, inakula chuma." Maneno yake bado yanatoka moja moja, lakini siku ya kuosha yanatoka.

Jumanne, 28 Februari

Nimemruka Kjetil, nimepiga kiwandani moja kwa moja. Dada mmoja mpole. Kasema simu inarekodiwa. Kauliza gari linatunzwaje.

Weee! Nikamwaga yote. Mume wangu analiosha kila Jumamosi, iwe mvua iwe theluji, kwa maji safi! Bora akose chakula kuliko kukosa kuosha gari! Norwei nzima hakuna gari linalooga kama hili! Dada akasema hilo litatusaidia sana. Roho imeshuka kidogo.

Jumanne, 7 Machi

Wanatuma mkaguzi wao! Tarehe 22. Akiridhika kwamba lilitunzwa, kiwanda kitalipa. Oddvar kacheka — upande mmoja wa mdomo, lakini kacheka. Kjetil naye kapiga simu, sauti asali tupu. Mnafiki mkubwa.

Jumamosi, 11 Machi

Mungu wangu.

Nilikwenda gatini kwa Jorunn, yule anayepokea samaki, kuchukua keki za samaki. Tukasimama dirishani tunamwangalia Oddvar na mpira wake. Nikasema kwa majivuno, tazama anavyoling'arisha. Jorunn akaguna. "Basi mkifika nyumbani mnalisuuza tena?"

Tulisuuze kwa nini?

"Gunnvor, ule mpira unatoa maji ya bahari."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Walibadilisha bomba mwaka ule Oddvar yuko hospitalini, maji ya manispaa yalipokuwa haba wakaweka pampu ya bahari. Kreti hazidhuriki. Hapa kila mtu anajua, kasema. Wote walidhani tunamalizia nyumbani kwa maji matamu. Na mzee alivyokuwa anafurahia, nani angemsogelea kumuuliza?

Miaka minne! Chini, pembeni, ndani ya matairi! Analilisha chumvi kwa mikono yake mwenyewe, kwa mapenzi yote! Na mimi nimejitapa kwenye simu inayorekodiwa.

Jumapili, 12 Machi

Sijamwambia. Nianzie wapi? Nimemdanganya: watu wa kiwandani wamekataza gari lisioshwe mpaka mkaguzi afike. "Kwa nini?" Ili waone lilivyo. Akaitikia kwa kichwa, akakubali. Ananiamini huyu mtu. Ndicho kinachoniumiza.

Jumamosi, 18 Machi

Leo hakuvaa hata suruali. Kakaa dirishani na pajama, anaangalia gari. Mkate na jibini nimevirudisha kama nilivyovipeleka. Nikamwambia, si uende tu ukaongee na wenzako? "Niende kufanya nini?"

Nimejifungia chooni nikalia. Nikisema, namvunja. Nisiposema, ni wizi. Lakini nao wa kiwandani! Gari la Jorunn linarushiwa mawimbi mwaka wa kumi na tano, halina hata tundu! Chuma chetu ni cha aina gani, karatasi? Najitetea, najua. Hofu haiondoki.

Jumatano, 22 Machi

Mkaguzi kaja na feri ya asubuhi. Bi Vibeke, mama mtu mzima, ovaroli limepigwa pasi. Kalala chini ya gari na tochi, muda mrefu. Katoka. "Chumvi ni nyingi mno, na imeingia ndani kabisa. Ajabu kwa gari linalooshwa."

Nikasema haraka, kahawa iko tayari. Oddvar akanikatiza.

"Sasa naruhusiwa kuosha?"

Bi Vibeke akashangaa. "Nani alikukataza, baba?"

Oddvar akanitazama. Mimi nikatazama birika.

"Sisi hatujamkataza mtu," akasema Bi Vibeke. "Kuosha ndiko kunakowatetea. Twende ukanionyeshe, nikaandike nilichokiona mwenyewe."

Jamani! Oddvar kavaa peke yake! Vifungo vyote! Buti, kofia, funguo. Kaniambia twende. Nikasema tangulieni, nazima jiko. Jiko halikuwa limewashwa.

Sasa wako gatini, nawaona kutoka hapa mezani. Mpira uko wazi. Anamwonyesha: chini, pembeni, ndani ya matairi. Anaongea! Mkono unakwenda, mdomo unakwenda, tangu augue sijamwona hivi. Bi Vibeke kavua glavu. Kakinga maji. Kaonja.

Kasimama tu. Anaangalia huku kwangu.

Oddvar hajaona, bado anaosha. Sasa kageuka, ananiita niende nikatoe ushahidi. Ananiita tena. Nimevaa buti moja.