Rimu ya Kona ya Shule

4 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na watoto. Sisi huku tunapumua, Mungu anashukuriwa. Goti la kushoto ndilo bado limeninunia. Naandika kwa sababu simu yangu siku hizi huipokei.

Unajua barabara kuu imefungwa kwa matengenezo, na halmashauri imeyageuzia mabasi yote mtaani kwetu. Yanaikata kona ya shule kwa honi, mwendo ni uleule. Mwezi uliopita moja lilimgonga binti wa Mama Pacha, jirani yangu, likamvunja mguu. Kesho yake nilichukua rimu ya gurudumu iliyokuwa uani, nikaining'iniza kwenye nguzo mbele ya cherehani yangu. Watoto wakitoka shule naacha kushona, naipiga kwa nondo. Madereva wanashtuka, wanapunguza, watoto wanavuka. Tangu hapo hajaguswa hata mmoja.

Jana walikuja watu wawili wa jiji na barua: rimu ni chombo cha kelele, niiondoe ndani ya siku saba. Chini kuna sahihi yako. Niliitambua kabla sijavaa miwani, maana mimi ndiye niliyekufundisha kushika kalamu.

Nieleze, mdogo wangu. Jambo hili nimeliombea, na jibu ninalopata ni kupiga.

Dada yako

11 Machi

Dada, shikamoo.

Sisi hatujambo, watoto wanakuulizia. Pole na goti. Simu siipokei kwa kuwa ofisini tuko sita chumba kimoja, na wewe dada ukipiga simu husemi, unatangaza.

Meneja wa mabasi alileta malalamiko, fomu ikafika mezani kwangu. Ningefanyaje? Kazi yangu ni kelele. Matuta ya kupunguza mwendo ni ya idara ya barabara, ghorofa ya juu yetu, nao wanasema kona yenu haina vipimo. Mimi mwenyewe siruhusiwi kuja na kipimo cha sauti mpaka wapatikane walalamikaji watano juu ya kelele moja. Hapo ndipo nakaa saa nzima na kuandika kila sauti inayopita. Nakueleza ili uone utaratibu ulivyo, usidhani nimekutupa.

Tafadhali ishushe.

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini mmeamka salama. Rimu haijashuka. Siku saba zimeisha nikiwa naipiga.

Ila utaratibu nimeufuata. Jumatatu nilikwenda hapo jiji, dirisha namba nne. Karani akauliza, "Mama, unamlalamikia nani?" Nikasema, "Kuna fundi cherehani mmoja mtaani, anapiga rimu, hana adabu." Akaandika. Alipomaliza jina la mlalamikaji na la mlalamikiwa, akaweka kalamu chini.

"Mama, huyu ni mtu mmoja."

"Ndiye," nikamwambia, "na nimemchoka."

Nyuma yangu walisimama Mama Pacha, mwalimu mkuu, kinyozi na muuza mkaa. Tumetimia watano. Leta kipimo chako, na uje saa ya watoto kutoka.

Dada yako

3 Aprili

Dada, shikamoo. Ile ya juzi hukuiitikia, ulikuwa na nondo mkononi.

Nilikaa kwenye kiti cha kinyozi saa nzima. Rimu yako ilifika desibeli themanini na mbili. Honi zilifika tisini na saba, mia na mbili, mia na tano. Kisha yule binti akavuka na magongo yake, nikasahau kutazama kipimo. Basi lilisimama hatua mbili kutoka kwake, na lililolisimamisha ni rimu.

Mkuu wangu ameiona karatasi. Anasema malalamiko ni ya rimu, kwa hiyo niandike rimu. Nikiongeza mstari mwingine, nitafute kiti kingine. Dada, nina watoto watatu. Ukiishusha mwenyewe kabla ya Ijumaa, faili linafungwa na sote tunapona. Nakuomba.

Mdogo wako

5 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, na ile ya juzi pia.

Sishushi. Kiti chako nakionea uchungu, kila alfajiri nakitaja katika sala. Lakini Mungu nimemwomba akulinde, sikumwomba akunyamazishe. Wala sikuombi uongo. Andika ulichosikia. Ukiandika rimu peke yake, basi usinitumie watu wa jiji. Njoo mwenyewe na ngazi, uifungue yule binti akikutazama.

Dada yako

2 Mei

Mdogo wangu mpendwa,

Karibu mwezi mzima bila barua yako, hata salamu sijui nizielekeze wapi. Wifi amenipigia. Amesema umehamishiwa idara ya makaburi. Alicheka kidogo, halafu akalia. Nikamwambia huko angalau hakuna wa kukupigia honi.

Asubuhi hii limekuja gari la lami. Msimamizi alikuwa na karatasi, nikamwomba niisome. Mistari kumi na saba: mmoja wa rimu, kumi na sita ya honi za mabasi. Sahihi ni ileile, mkia umepinda kama nilivyokuwa nakukataza. Nimeisoma mara mbili, kisha nikavua miwani nikaifuta.

Wameweka matuta mawili. Nikauliza la tatu, upande wa zahanati. Haliko kwenye karatasi, akasema. Basi rimu inabaki palepale.

Kesho nafunga cherehani mapema. Nakwenda dirisha namba nne, na wale wanne nyuma yangu. Karani akiuliza malalamiko ni nini, namwambia halmashauri imemzika mtu angali hai. Na akifika pale pa uhusiano wangu na mhusika, nitamshika mkono aandike kwa herufi kubwa:

Dada yake