Solomoni Kakosa Kote

Simaloi, yamekwisha! Solomoni, yule kijana wa misheni, ameumbuka leo.

Kaenda boma la Mjerumani kuomba ukarani. Ukarani! Karani wa kule akamuuliza misheni walimfundisha nini. Akajibu Biblia, useremala na kuimba. Kuimba, Simaloi!

Makarani wote wakaangua kicheko, na yule aliyemuuliza akamwambia: "Ukarani ni wa waliosoma shule ya serikali, Tanga. Wewe rudi kanisani."

Na kanisani walishamwambia walimu wametosha!

Akamwendea baba yake, amgawie ng'ombe aanze maisha. Mzee akamkazia macho. "Wenzako walipotahiriwa, wewe ulikuwa darasani. Mtoto hapewi ng'ombe."

Mtoto! Na ndevu zile!

Sasa hivi yuko bondeni anachunga ndama pamoja na watoto wa jirani, na wao ndio wanaomfundisha kazi.